Baiskeli ya Baba, Mshipi wa Mama

Wiki iliyopita tairi la baiskeli lilipasuka mbele ya duka langu, nami nikacheka mpaka nikashika kaunta.

Kijana mmoja kati ya wanafunzi waliopanga vyumba nyuma ya duka langu hapa Nchiru, Meru, alikuwa amenunua baiskeli kuukuu kwa mzee fulani wa Kangeta. Ni zile za chuma kizito, zenye keria pana na kengele ya kubonyeza kwa kidole gumba. Siku hizi vijana wanazipenda, wanazipaka rangi na kupiga nazo picha. Huyu alikuwa amenunua matairi mapya yanayong'aa, akayavisha kwenye yale magurudumu ya kale, akapiga pampu, akabonyeza kwa kidole, akapiga pampu tena kwa maringo huku wenzake wakimtazama. Tairi likachomoka pembeni mwa rimu, tyubu ikatokeza ikavimba, kisha paa! Kuku wa jirani wakatawanyika. Harufu ya mpira na ule unga mweupe wa tyubu ikaingia dukani hadi kwenye mikate.

"Aki mathe, unanicheka na hivi ndio nimeumia?" akaniuliza.

"Pole, kijana. Sikucheki wewe. Namcheka mtu mwingine."

Ilikuwa kweli. Mtu huyo alikwisha kufa zamani, nilihudhuria mazishi yake nikiwa nimevaa vizuri, na bado namcheka.

Nilizaliwa upande wa Mbeere, nje kidogo ya Kiritiri, ambako mvua huja ikipenda. Baba alikuwa na baiskeli. Aliipata kwa meneja wa shamba la mkonge alikofanya kazi, mzungu aliyekuwa akifunga mizigo yake baada ya uhuru na hakutaka kusafirisha chuma. Ilikuwa nyeusi, ndefu, na baba aliipenda mno, hata mama alikuwa akimtania, eti siku nyumba ikishika moto atatoa baiskeli kwanza halafu aulize watoto wako wapi.

Shida yake ilikuwa matairi. Yale iliyokuja nayo yalipokwisha, ya aina yake hayakupatikana tena. Madukani mjini Embu kulikuwa na matairi mapya yaliyochapwa pembeni namba ileile, ishirini na nane, lakini ukiyavisha kwenye rimu ile ya zamani yanacheza. Upungufu wenyewe ni kama unene wa kalamu, lakini kwa gurudumu kiasi hicho kinatosha kukuvunja shingo. Nakumbuka baba akiwa amepiga magoti uani, baiskeli imepinduliwa miguu juu, akijaza rimu kwa vipande vya shuka, kisha vipande vya tyubu kuukuu. Vilisogea upande mmoja, tairi likafanya kitambi. Fundi wa sokoni akamwambia, "Mzee, hii rimu ni ya kitambo. Tupa, ununue gurudumu mpya." Baba akaisukuma hadi nyumbani, akapiga magoti tena.

Halafu siku moja nilirudi kutoka kuchunga mbuzi nikakuta matairi yamekaa. Yamekaa kabisa, yameuma rimu pande zote, na baba anazunguka uani akipiga kengele ovyo. Watu wakaja kumuuliza amefanyaje. Akacheka tu, akasema mambo ya wanaume. Mimi niliamini baba yangu ameshinda kiwanda, na mama alikuwa amekaa mlangoni, akisokota mkonge kwenye paja lake kwa ajili ya ciondo, vile vikapu vyetu vya kufuma.

Baba alifariki kwa homa iliyomchukua haraka. Sitaki kuandika sana juu ya hilo. Nitasema tu kwamba matanga yalipoisha na watu wakaenda zao na sufuria zao, mama aliitoa baiskeli nje, akaifunga mitungi ya maji pande zote mbili na mmoja kwenye keria, akashika usukani, akaniambia, "Sukuma nyuma." Hakujua kuiendesha. Hakuna mwanamke aliyeendesha kwetu. Lakini kuisukuma alijua, na kutoka mtoni hadi Kiritiri tulipeleka maji hotelini kwa Mama Karimi, tukapeleka kwa fundi wa matofali, tukapeleka kwenye bucha ya baba yangu mdogo, Nyaga. Maji yale ndiyo yalinilipia shule. Mama aliniambia hivyo waziwazi kila nilipolegea njiani: "Hiyo unayosukuma ni darasa lako."

Sasa nimfikie huyo Nyaga.

Alikuwa mdogo wake baba, mnene, mcheshi, mtu wa kukushika bega anapokudanganya. Watu walimpenda. Hata mimi nilimpenda, maana alinipa vipande vya maini vilivyokaangwa kwenye karatasi. Alituona tukipita na baiskeli kila siku, akatuona tukilipwa, na nadhani ndipo alipoanza kuitamani. Alitaka kubebea mbuzi na kupeleka nyama vijijini badala ya kungoja watu waje bucha. Angeweza kuiazima. Angeweza kutulipa tumpelekee. Alikuja nyumbani na wanaume wawili wa jirani, ili mama aone kwamba jambo ni zito, akaketi bila kukaribishwa.

"Shemeji, desturi unaijua," akaanza. "Jembe lako ni lako, ciondo zako ni zako. Lakini vyombo vya mwanamume vinarudi kwa ndugu yake. Sijafanya haraka. Nimengoja mpaka watu wamalize kulia."

"Na maji tutabeba na nini?" mama akauliza.

Nyaga akanielekezea kidevu. "Si huyu mtoto ana miguu? Na mgongo anao. Shule yenyewe, msichana anaenda kutafuta nini huko?"

Nilikuwa nimesimama na kopo la uji mkononi. Nilimtazama mama nikingoja awashe moto. Mama yangu alitoka Meru, juu kule kwenye baridi, na watu wa kwetu walisema wanawake wa huko hawachezewi. Nilingoja achukue mwiko.

"Umesema vya ndugu yako," mama akasema taratibu.

"Vya ndugu yangu."

"Vyake peke yake?"

"Shemeji, kwani mimi ni mwizi? Vyake tu. Hawa wazee wawili wanasikia."

Mama akawageukia wale wanaume wawili. "Mmesikia?" Wakaitikia kwa kichwa, wamechoka, wanataka kwenda. "Basi njoo Jumamosi uichukue. Nikuoshee kwanza, imechafuka."

Nikuoshee! Jumamosi asubuhi alinituma dukani kununua sabuni ya kipande, nikaenda nikiburuta miguu, na niliporudi nikamkuta ameipindua baiskeli uani. Alikuwa ametoa matairi kwa mipini ya vijiko viwili, kama baba alivyokuwa akifanya, na alikuwa akivuta kitu kirefu kutoka ndani ya rimu, chembamba, kimeshika vumbi na weusi. Vilikuwa viwili. Akavitumbukiza kwenye karai la maji. Nilidhani ni uchafu anautoa. Nilidhani anasafisha hadi ndani, mahali ambapo hata mwenyewe hataona, ili amfurahishe mtu aliyekuja kutuibia mchana kweupe. Akarudisha tyubu, akarudisha matairi, akapiga pampu kidogo tu, ya kutosha kusimama. Akapaka mnyororo mafuta. Akafuta kengele kwa pindo la leso yake.

Nyaga alipokuja alifurahi sana. Alimsifu. Mama akamkabidhi usukani kwa mikono miwili.

"Nimekupa kila kitu cha ndugu yako," akamwambia. "Hakuna chake kilichobaki hapa."

"Mungu akubariki, shemeji."

Akaondoka akiiendesha polepole, akipiga kengele ya baba yangu, na mimi nikamchukia mama kuliko nilivyomchukia yeye. Mwizi nilimwelewa. Mtu anayemwoshea mwizi sikumwelewa. Kwa siku nyingi nilimjibu kwa neno mojamoja. Alipoanza kubeba mitungi mgongoni, mshipi umepita kwenye paji la uso kama wanawake wote wa kwetu, ameinama hadi anaona vidole vyake vya miguu tu, nilitembea nyuma yake na kimtungi changu bila kumhurumia. Nilijiambia, umeyataka mwenyewe. Shule nilikwenda siku moja, nikakosa mbili, na mwalimu akaniuliza kama nimeolewa.

Lakini nilikuwa na silaha yangu. Tulikuwa watu wa kanisa, tulisali kila jioni kabla ya kula, na mama aliposema amina mimi niliongeza yangu moyoni. Bwana, mwangushe baba mdogo. Mwangushe mahali penye watu wengi. Sikuomba afe, niliona hiyo itakwisha haraka. Niliomba aanguke, aumie, aone haya, na mimi niwe karibu nione.

Bwana alisikia, tena siku ya soko.

Nyaga alikuwa amegundua kwamba matairi yana upepo mdogo, akayajaza hadi yakawa magumu. Akamfunga mbuzi kwenye keria, akaning'iniza ndoo ya matumbo kwenye usukani, akashuka ule mteremko wa kuingilia Kiritiri. Nilikuwa hapo nimekaa na mtungi wangu. Niliona gurudumu la nyuma likianza kucheza kiuno. Kisha tairi likatoka, tyubu ikavimba nje kama kibofu, na ule mlio ukasikika hadi kwenye vibanda vya mahindi. Baiskeli ikaenda upande wake, Nyaga upande wake. Mbuzi akakatika kamba akakimbia akilia katikati ya wauza makaa, na ndoo ya matumbo ikamfuata mwenyewe ikamfunika kifua. Suruali ilipasuka nyuma. Wanawake walicheka hadi wakaketi chini. Nami nikakimbia nyumbani, nikaingia ndani, nikapiga magoti nikashukuru.

Nilimwambia mama. Akauliza, "Ameumia?"

"Kidogo."

"Tairi la nyuma au la mbele?"

Nilidhani ni swali la ajabu. "La nyuma."

"Haya," akasema, akaendelea kupepeta mtama.

Nyaga akanunua tyubu mpya na tairi jipya, kutoka Embu, la bei. Fundi wa sokoni akamvalishia akitikisa kichwa. "Nyaga, hii rimu na hii tairi haijuani. Namba ni moja lakini saizi ni ingine."

"Mbona kwa ndugu yangu ilijuana?"

"Huyo sijui alifanya nini. Muulize huko aliko."

Wakafungia vitambaa. Wakafungia waya. Akaanguka tena, safari hii lilikuwa tairi la mbele, na gurudumu la mbele halina mzaha. Alivunjika kifundo cha mguu, akafungwa vijiti na mganga wa mifupa, na tangu siku hiyo hadi wanamzika alitembea akichechemea. Mimi nilikuwa nimeanza kuogopa nguvu zangu. Nilipunguza maombi kidogo.

Na hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu Nyaga, akiwa amelala na mguu wake, alifikia uamuzi. Baiskeli ilikwenda vizuri kwa kaka yake. Ilikwenda vizuri kwa mjane. Imekuja kwake imekuwa nyoka. Mjane ametoka kabila la mbali. Mjane aliiosha kabla ya kuitoa, na ni nani humwoshea mtu kitu anachonyang'anywa? Akasema mama yangu ni mchawi. Alilisema buchani, akalisema kanisani, akalisema kwa wazee wa ukoo, akataka wakutane wamfukuze mama arudi kwao Meru, na shamba libaki na wenyewe.

Hilo halikuwa neno la mchezo. Nilimjua mwanamke mmoja aliyeitwa hivyo, nyumba yake ilibaki majivu na jiwe la kusagia. Hotelini Mama Karimi alituambia kwa sauti ya chini tupumzike kwanza kuleta maji, wateja wanaongea. Watoto shuleni walihama dawati langu. Usiku nilijua jambo moja tu, kwamba mama atafukuzwa kwa ajili ya kosa langu, maana aliyeomba nilikuwa mimi.

Wazee walikutana uani kwetu, mchana, juu ya viti vilivyoazimwa. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Ireri, mwembamba, mwenye sikio moja zito, hivyo kila mtu alilazimika kupaza sauti na hakuna siri iliyobaki siri. Nyaga aliletwa akiwa ameegemea fimbo. Baiskeli ililetwa pia, imebebwa na vijana, rimu tupu. Akaeleza yote. Alieleza vizuri, hata mimi nikaona mama ana hatia.

Mzee Ireri akamgeukia mama. "Mama Wanja, umesikia unavyosemwa?"

Kabla mama hajafungua mdomo nilijitupa katikati. "Ni mimi! Nilimwomba Mungu amwangushe! Nilimwomba kila siku!"

Mzee Ireri akaweka mkono sikioni. "Anasemaje?"

"Anasema aliomba," mtu akampazia sauti.

"Aliomba wapi?"

"Kwa Mungu!"

"Ah. Basi hiyo kesi ni ya pasta," Mzee Ireri akasema, na wazee wakacheka, na mama akanivuta akaniketisha karibu na miguu yake. Mkono wake ulibaki kichwani kwangu. Ulinishika kwa nguvu mno, na hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa akiogopa.

Akasimama. Alikuwa ametoka mtoni, mshipi wa kubebea bado uko kwenye paji la uso wake. Akauvua, akauweka miguuni pa Mzee Ireri. Akaingia ndani akatoka na wa pili.

"Hii ndiyo dawa yangu," akasema. "Iguseni."

Hakuna aliyegusa.

"Guseni. Ni mkonge. Nimeupanda mimi kwenye mpaka wa shamba, nimeuparua mimi, nimeusokota kwa hili paja langu. Marehemu alihangaika na matairi hadi akakosa usingizi. Matairi ni makubwa, rimu ni ndogo. Nikamwambia, ciondo ikilegea mdomoni, hatununui ingine, tunaifumia mshipi. Nikapima gurudumu kwa uzi. Nikafuma huu mmoja wa nyuma, na huu wa mbele, nikaacha tundu la mdomo wa tyubu, nikapaka nta ya nyuki usioze. Ukiuzungusha ndani ya rimu, tairi linakaa. Marehemu aliona haya kuwaambia wanaume wenzake kwamba anaendesha juu ya kazi ya mwanamke, akasema ni yake. Nilimwachia. Alikuwa mume wangu."

Mzee Ireri akauokota mshipi, akautazama, akautia puani akanusa nta. Akaonyesha kwa kidole ile nafasi iliyoshonwa kingo, tundu dogo la mdomo wa tyubu.

"Na uliutoa kwa nini?"

"Nyaga alisema anachukua vya ndugu yake. Nilimuuliza, vyake peke yake? Akasema yeye si mwizi. Alikuja na mashahidi, hao hapo wawili, sikuwaita mimi. Waulizeni."

Wale wanaume wawili walikuwa wamekaa nyuma wakichora mchanga kwa fimbo. Wakaulizwa. Wakakubali, mmoja baada ya mwingine, bila kumtazama Nyaga. Neno kwa neno.

Sijawahi kuona utamu kama ule tena, na nimeishi miaka mingi na kupata mengi. Uso wa Nyaga ulikuwa ukibadilika taratibu, akielewa kwamba hakuanguka kwa uchawi wala kwa bahati mbaya. Aliangushwa na neno lake mwenyewe, mbele ya watu aliowaleta mwenyewe. Nami nilikuwa nikielewa sambamba naye. Ile siku ya kuosha. Ule uchafu uliotumbukizwa kwenye karai. Nilimtazama mama kwa chini, pale nilipoketi, nikaona haya kwa siku zote nilizomjibu neno mojamoja.

Nyaga akajaribu mara moja tu. "Angeniambia! Ningekufa!"

"Mimi uliponiita mchawi," mama akasema, "ulitaka niishi?"

Mzee Ireri akasema kesi imekwisha. Kwa desturi, mtu anayemwita mwenzake mchawi bure hutoa mbuzi wa kumsafisha jina, mbuzi akachinjwa watu wakala. Akamwamuru Nyaga alete mbuzi.

"Sitaki mbuzi wake," mama akasema. "Alete baiskeli."

Wazee wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba desturi ni mbuzi. Mzee Ireri, sijui kama alisikia au hakusikia, akasema, "Baiskeli iko hapa tayari. Haina haja ya kuletwa. Aiache."

Watu walipoondoka, mama alimzuia Nyaga. "Shemeji, ngoja kidogo. Nishikie gurudumu." Akamketisha juu ya kigoda, na mguu wake mbovu ameunyoosha, akashika rimu kwa mikono yote miwili huku mama akizungusha mshipi taratibu, bila haraka yoyote, akiupangusa, akiulaza, akiukaza kwa kidole. Kisha tyubu. Kisha tairi, kwa mipini ya vijiko. Kisha la mbele. Nyaga alishika alichoambiwa ashike. Mama akanipa pampu, nikapiga hadi mikono ikauma, na tairi likauma rimu pande zote.

Baadaye, tukiwa peke yetu, nilimuuliza kama alijua Nyaga atamwita mchawi.

"Nilimjua Nyaga," akasema. "Nilijua akianguka hatatafuta kosa kwenye gurudumu, atakuja kulitafuta kwangu. Ningemkatalia siku ile, wazee wangempa, maana desturi ni yake. Ilibidi achukue kwanza."

Tulirudi kazini. Mama Karimi alitupokea kama hakuna kilichosemwa. Nilirudi shule kila siku. Tulipeleka maji kila mahali isipokuwa bucha. Nyaga alituma mtu, mama akasema mitungi imejaa. Alituma mke wake, mama akamkaribisha, akampa uji, akamwambia mitungi imejaa. Kiangazi kilikuja kikali mwaka ule, foleni ya mtoni ikawa ndefu, na bucha isiyo na maji ni bucha ya nzi. Watu wakaanza kununua nyama kwingine. Nyaga akabaki kuchota mwenyewe, mtungi mkononi, akipumzika kila baada ya hatua chache kwa ajili ya ule mguu.

Siku moja tulimkuta kwenye mteremko ule ule wa kuingilia Kiritiri. Mtungi wake ulikuwa umemponyoka ukavunjika, ardhi imekunywa yote. Alikuwa amesimama juani, midomo imemkauka nyeupe. Mama alipita na baiskeli, tukipandisha maji ya fundi wa matofali, akimsalimia kwa heshima zote, mimi nikisukuma nyuma, na Nyaga akaona ni rahisi kuniomba mimi.

"Mtoto wangu, hebu nipe hata kopo moja. Ya kunywa tu."

"Ni ya watu," nikamwambia, nikapita.

Tulipofika juu, nilimweleza mama nikiwa najivuna. Nilidhani atanisifu. Akasimamisha baiskeli, akaiegemeza kiunoni.

"Alisema ya kuosha bucha, au ya kunywa?"

"Ya kunywa."

"Ya kunywa kwetu hatunyimi mtu. Wala huyo. Rudi umpelekee."

Akafungua mtungi mmoja mwenyewe, akajaza kopo hadi ukingoni, akanipa. Nilishuka nalo kwa hasira nikiwa nalia, nikitembea polepole makusudi, nikimtazama huko chini akinitazama. Nilipomfikia alinyoosha mikono yote miwili kupokea. Sikumpa. Nililishika kopo mwenyewe, chini, usawa wa kifua changu, na sikuinua mkono. Akanitazama. Kisha akaegemea fimbo yake akainama, akainama zaidi, hadi mdomo ukafika kwenye kopo, akanywa hapo mkononi mwangu, nami nikiutazama utosi wake na jasho la shingo yake, mpaka tone la mwisho.

"Asante, mama," akaniambia, akifuta mdomo. Mimi, mtoto wa kike niliyekuwa natosha kwenye keria.

"Usinishukuru mimi," nikamwambia. "Hayo ni ya Mama. Mimi ningekunyima."